Waya au waifai? Ushetu swali linaanzia juu ya paa

Masoko ya tumbaku yakishafungwa na vyama vya msingi vikaanza kulipa, barabara inayotoka Kahama kwenda Nyamilangano hubadilika sura. Pikipiki zilizokuwa zikibeba mbolea sasa zinabeba makasha marefu, membamba, yaliyofungwa kwa mpira, na mwenye mali amekaa nyuma ya dereva ameyakumbatia. Ni runinga: inchi 32, inchi 43, na kwa aliyebahatika tumbaku yake kupangwa madaraja ya juu, inchi 55. Kwa miaka mingi fedha ya tumbaku Ushetu ilionekana kwenye bati, baiskeli na ng'ombe. Siku hizi inaonekana pia kwenye ukuta wa sebule.

Runinga nyingi zinazouzwa Kahama sasa ni hizi zinazoitwa janja. Rimoti ina kitufe cha YouTube na cha Netflix, na mwuzaji hakosi kukuonyesha. Mnunuzi anaongeza ruta ya laini ya simu, anaiweka juu ya kabati la vyombo, anajaza bando na kufungua mechi. Dakika ya kumi na mbili picha inaganda, kiduara kinazunguka. Kwa jirani mwenye dishi kelele zinalipuka: goli! Kwake yeye mpira bado uko katikati ya uwanja.

Hapo ndipo fundi anapoitwa, na swali huwa lilelile. Avute waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga, au anunue waifai yenye nguvu zaidi? Maduka ya Kahama yana bidhaa kwa kila jibu. Mimi nasema waya una kazi kubwa Ushetu, ila kazi yake ya kwanza sio ile wanayoitangaza. Kabla hujauvuta kwenda kwenye runinga, uvute kwenda nje: utoe ruta kabatini uipeleke mahali inapouona mnara.

Sababu iko kwenye njia ambayo picha inapita. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni nyuzi za kioo zinazosafirisha mwanga. Kuna nyaya za baharini, SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy iliyoanza kazi mwaka uliofuata. Kuna Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ambao leo unagusa mipaka ya Rusumo, Kabanga na Mutukula. Kutoka hapo data inafika kwenye minara, na minara mingi ya vijijini yenyewe inapokezana kwa madishi ya mawimbi, mnara hadi mnara. Mwisho inaruka hewani kilomita mbili, tano, nane hadi nyumbani kwako. Mita kumi kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga ndizo fupi kuliko zote, na ndizo tunazozigombania.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zote mbili zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Siku hiyo aliyetandika waya nyumba nzima na anayetumia waifai ya kuazima kwa jirani walikaa benchi moja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pima. Chukua simu, unganisha na waifai ya ruta, simama hatua moja kutoka kwenye ruta na ufungue fast.com, kipimo cha kasi cha Netflix ambacho hakitaki programu yoyote. Andika namba. Nenda usimame mbele ya runinga, pima tena. Rudia saa mbili usiku, wakati kijiji kizima kiko mtandaoni, halafu saa kumi na moja alfajiri. Kama kando ya ruta unapata megabiti 20 kwa sekunde na mbele ya runinga unapata 2, tatizo liko ndani ya nyumba, na waya utalimaliza. Kama kando ya ruta penyewe unapata 2, hata ukivuta waya wa dhahabu utapeleka zilezile mbili.

Na 2 sio ndogo kama watu wanavyodhani. Video ya YouTube ya ubora wa 480 inataka kama megabiti 1.1 kwa sekunde; ya 720 inataka 2.5, ya 1080 inataka 5. Netflix inapendekeza 15 kwa picha ya 4K, kitu ambacho kwenye runinga ya inchi 32 hutakiona hata ukiisogelea kwa miwani. Ruta ya waifai ya kawaida, hata ya bei ya chini, haishindwi kusukuma megabiti 20 au 30 ndani ya chumba kimoja. Kwa nyumba nyingi za Ulowa, Uyogo au Bulungwa, picha inakwama nje, kati ya mnara na ukuta.

Ukuta wenyewe ni tofali za kuchoma, nene, na juu yake ni bati. Bati ni chuma, na chuma kinarudisha mawimbi ya redio yalikotoka. Tofali nayo inayanywa. Ruta iliyo juu ya kabati, katikati ya nyumba, nyuma ya kuta mbili, inausikia mnara kwa shida. Ukifungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako utakuta namba hasi inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya 4G. Kwenye hasi 80 uko vizuri. Kwenye hasi 110 unaombea. Kila desibeli kumi ni mara kumi ya nguvu, hivyo kutoka hasi 112 kabatini hadi hasi 95 chini ya upenu, upande wa nyumba unaotazama mnara, umepata mawimbi yenye nguvu mara hamsini bila kumlipa mtu senti. Mnara ukikusikia vizuri unazungumza nawe haraka zaidi. Ukikusikia vibaya unarudiarudia, na muda wa kurudia ndio kile kiduara.

Tatizo ni kwamba mama mwenye nyumba hataki ruta chini ya upenu, na runinga haiwezi kuhamia huko. Hapa ndipo waya unapopata heshima yake. Mafundi wanaofunga kamera za ulinzi kwenye maduka ya dhahabu Kahama na Geita wanalijua hili zamani: kuna ruta za nje, zilizozibwa zisiingie maji, zinazofungwa kwenye bomba juu ya paa. Kutoka pale unashuka waya mmoja wa LAN, yaani wa mtandao wa ndani, na waya huohuo unapandisha umeme na kushusha data. Kuvuta kebo ya antena kama ile ya dishi, kutoka antena ya juu hadi ruta ya ndani, ni hesabu mbaya, kwa sababu mawimbi ya 4G yanapotea ndani ya kebo hiyo kila mita inayoongezeka. Waya wa LAN unapeleka data hadi mita 100 na mwisho wake ni sawa na mwanzo wake. Bomba la mita sita juu ya paa Ushetu lina faida kuliko ruta ya pembe nane iliyotangazwa kwa wakazi wa maghorofa.

Lakini ukishapandisha chuma juu ya paa katika ukanda huu, umeingia kwenye mazungumzo mengine. Ushetu, Bukombe, Geita, kote huku radi ni jambo la kila msimu wa mvua. Januari 2025, wilayani Bukombe, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda. Radi haihitaji kupiga bomba lako moja kwa moja. Ikipiga mti wa mita mia moja kutoka hapo, msukumo wa umeme unaingia kwenye kila waya mrefu wa shaba uliotandazwa karibu, na mwisho wa waya huo ni runinga yako ya inchi 43.

Kwa hiyo bomba lifungwe waya wa ardhi mnene, ulionyooka, ulioshuka moja kwa moja hadi kwenye nondo iliyozamishwa ardhini, sio ule uzi mwembamba unaozungushwa kwenye msumari. Kiwekwe na kizuia msukumo pale waya unapoingia nyumbani. Na wingu likianza kukusanyika, chomoa: umeme wa ruta na pia waya wa LAN kwenye runinga. Watu wengi huchomoa umeme wakaacha waya wa data, wakidhani ule hauna umeme. Chomoa mapema, kabla ya ngurumo ya kwanza, maana kushika nyaya hizo radi ikiwa imeshafika ni kuhatarisha maisha.

Kuna kosa moja kubwa zaidi, na limeshaonekana: kuvuta waya wa LAN kutoka nyumba ya baba hadi nyumba ya mtoto wa kiume ng'ambo ya uwanja, au hadi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku ili vijana wanaokesha na moto wapate cha kutazama. Wanatundika waya kwenye matawi ya mwembe, mita sitini, sabini. Unafanya kazi vizuri sana hadi mvua za Novemba. Kati ya nyumba na nyumba, waifai ndiyo yenye akili: vijidishi viwili vidogo vinavyotazamana, kimoja kila upande, hakuna shaba inayounganisha majengo mawili. Au uzi wa kioo, ambao hauna chuma cha kubeba umeme, kwa mwenye uwezo. Anayesema waya ni bora kila mahali hajawahi kuunguliwa na vifaa kwenye nyumba mbili kwa mpigo.

Sasa tuingie ndani. Tuseme ruta iko mahali pazuri na megabiti 15 zinafika. Je, runinga ipewe waya au iachwe hewani?

Waifai inafanya kazi kama mkutano mkuu wa chama cha msingi, AMCOS, wenye kipaza sauti kimoja. Anayesema ni mmoja, wengine wanangoja. Simu ya binti inayopakia picha, ya mjomba anayeangalia TikTok, kompyuta inayojisasisha, na runinga, vyote vinangoja zamu kwenye mawimbi yaleyale. Mbaya zaidi ni simu iliyoko chumba cha mwisho: inasema taratibu kwa sababu iko mbali, hivyo inakishika kipaza sauti muda mrefu kuliko wote. Filamu inavumilia hali hiyo, kwa sababu programu hupakua vipande vya sekunde kadhaa mbele na kuviweka akiba. Mechi ya moja kwa moja haina akiba ya kutosha. Hakuna anayeweza kupakua goli ambalo halijafungwa. Ukiitoa runinga kwenye foleni hiyo kwa waya, umeipa njia yake, na waliobaki hewani nao wamepata nafasi.

Inachekesha kwamba waya wenyewe ulijifunza adabu kutoka hewani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwani kwa redio, wakalazimika kutafuta namna ya vituo vingi kutumia mawimbi mamoja. Robert Metcalfe, aliyekuwa kwenye maabara ya Xerox kule California, alilichukua wazo hilo mwaka 1973 akaliingiza kwenye kebo, na huo ndio mwanzo wa waya wa LAN tulionao. Baadaye kila kifaa kikapewa waya wake na foleni ikaisha. Waifai imebaki nayo.

Ushauri unaosambaa mitandaoni unasema hamia mawimbi ya gigahezi 5, uachane na 2.4. Huo ni ushauri wa Sinza na Kariakoo, ambako kwenye jengo moja utahesabu waifai thelathini zinazopigania njia tatu tu za 2.4 zisizoingiliana. Ushetu jirani yako yuko ng'ambo ya shamba la mahindi. Mawimbi ya 2.4 ni yako peke yako, na yanapenya tofali vizuri kuliko ya 5, ambayo ukuta mmoja wa kuchoma unaweza kuyamaliza nguvu. Kama ruta na runinga viko chumba kimoja, tumia 5. Kama kuna ukuta kati, kaa na 2.4 bila aibu. Kuhusu vile vifaa vidogo vya kurudufisha waifai vinavyochomekwa kwenye soketi, vingi vinasikiliza na kusema kwa redio ileile moja, hivyo vinakata kasi nusu. Nunua waya.

Na waya nao ununuliwe kwa macho. Kuna boksi nyingi sokoni zilizoandikwa Cat6 ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwaruze uzi mmoja kwa wembe: ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba, ukitoka mweupe urudishe. Alumini inakatika ikikunjwa kwenye kona ya mlango, na ukiipitishia umeme wa ruta ya nje inapata joto na kula nguvu njiani. Kwa runinga, Cat5e ya shaba halisi inatosha kabisa. Tundu la LAN la runinga nyingi lenyewe lina kikomo cha megabiti 100, na hiyo inabeba picha za 4K zaidi ya tatu kwa pamoja.

Mtazame fundi anapofunga kichwa. Mzuri hachuni ganda refu. Anafungua jozi nne zilizosokotwa, ananyoosha nyuzi nane kwa kidole gumba, anazipanga: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Anakata ncha zote sawa kwa mkato mmoja, anasukuma hadi uone shaba nane zikigusa mwisho wa kichwa, na ganda la nje limeingia ndani ya kichwa ili koleo ilibane. Kisha anachomeka kipimo, na taa zinawaka moja baada ya nyingine, moja hadi nane. Ukiona anaziweka rangi mradi pande zote mbili zinafanana, msimamishe. Jozi zimesokotwa kwa sababu. Ukizichanganya, waya mfupi utafanya kazi na mrefu utasumbua, nawe utalaumu mtandao.

Adui mwingine wa waya Ushetu hatajwi kwenye vitabu vya kiwandani. Nyumba inayohifadhi magunia ya karanga na mahindi ina panya, na panya wanapenda ganda laini la waya. Upitishe kwenye konduti, bomba lilelile la fundi umeme. Sehemu inayopita nje iwe na ganda jeusi la kustahimili jua. Waya wa kijivu wa ndani ukianikwa juu ya bati unapasuka baada ya kiangazi kimoja au viwili.

Umeme ukikatika? Ruta nyingi ndogo zinakula volti 12, sawa na betri ya sola. Mwenye sola anaweza kuilisha ruta kupitia kifaa kidogo cha kutuliza volti bila kuwasha inveta nzima.

Kuna jambo ambalo mafundi hawawaambii wateja, na linauma mfukoni. Runinga iliyounganishwa kwa waya inapata njia nzuri, na programu ikiona njia nzuri inapandisha ubora wenyewe. Dakika 90 za mechi kwa ubora wa 480 ni kama megabaiti 750. Mechi hiyohiyo kwa 1080 inakaribia gigabaiti tatu na nusu. Aliyezoea bando lake kumaliza wiki atashangaa limekufa Jumapili. Kompyuta ni mbaya zaidi, kwa kuwa zikiona waya zinadhani uko ofisini kwenye intaneti isiyo na kikomo, zinaanza kupakua masasisho. Siku ileile unayovuta waya, ingia kwenye mipangilio ya YouTube na Netflix uweke kikomo cha ubora. Kwa inchi 32, 480 inatosha. Kwa 43, 720.

Iko hali moja ambapo waya unashinda bila mjadala wowote: pale video yenyewe iko ndani ya nyumba. Wenye vibanda umiza, na wale wauza filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili kama alivyokuwa akifanya mtafsiri wa filamu Lufufu, wana diski zenye mamia ya filamu. Suala la hakimiliki nawaachia COSOTA. Ukiichomeka diski hiyo kwenye ruta au kompyuta na kuonyesha kwenye runinga tatu kwa pamoja, mnara hauhusiki kabisa, bando haliguswi, na kikwazo pekee kinabaki kuwa mtandao wako wa ndani. Hapo tandika waya kila runinga.

Kwa mpira peke yake, mwenye kibanda abaki na dishi. Azam TV inarusha kutoka satelaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki. Ishara ileile inaangukia Nyamilangano na Mbagala kwa wakati mmoja, na haijali watazamaji wako ni kumi au laki moja. Kutiririsha mechi kwa intaneti ni kumtumia kila mtazamaji nakala yake kupitia mnara uleule, na siku ya Simba na Yanga mnara unajua. Mvua kubwa itakata dishi dakika kumi. Msongamano wa mnara unaweza kukaa kipindi kizima. Intaneti iachiwe filamu, nyimbo, mahubiri na masomo ya watoto.

Hali ya nje haitabaki hivi. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. TTCL nayo inapeleka uzi wa kioo majumbani mijini. Uzi wa kioo ukifika kwenye nyumba ya Nyamilangano na kuleta megabiti 50 au 100, mlango utakuwa mpana kuliko sebule, na waifai ya kuvuka kuta tatu za tofali ndiyo itakayoonekana kuwa nyembamba. Anayejenga mwaka huu amwambie fundi aache konduti moja kutoka kenchi hadi nyuma ya runinga na nyingine kutoka kenchi hadi chumba cha watoto, tupu, zenye uzi wa nailoni ndani wa kuvutia waya baadaye. Ifanyike kabla ya plasta.